Dondoo Muhimu: Kuajiri na Kuishi na Watumishi wa Makabila Mengi

Huku Ogwedhi, nchini Kenya, ambako Wajaluo na Wamaasai, Wakuria na Wakisii hukutana sokoni kila mara, mwajiri apendaye insafu, awe ni tajiri wa duka au msimamizi wa shule, na ayazingatie haya:

1. Tangaza kazi hadharani, sokoni, kanisani na msikitini, wala usiwanong'oneze jamaa zako peke yao. Hili, kwa rai yangu, ndilo kosa kubwa kupita yote, kwani wengi hunyimwa riziki kwa kutopata hata habari kuwa ipo nafasi.
2. Endesha mikutano kwa Kiswahili, ijapokuwa walio wengi husema Kijaluo.
3. Katika idara ya umma, hesabu watumishi: Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 yakataza kabila moja kuzidi thuluthi.
4. Usimuulize mwanamke atazaa lini. Likizo ya uzazi ya miezi 3 ni haki yake kwa Sheria ya Ajira ya 2007.
5. Mwenye ulemavu, muulize mwenyewe ahitajilo kabla ya kumhukumu kuwa hawezi.
6. Dhihaka ya kabila ikatize papo hapo, hata anenaye akiwa ni mkubwa wako.