Msalaba Ukutani, Msalaba Moyoni

Shule ya serikali iliyoanzishwa na Wadachi mjini Tanga miaka ya 1890 haikufundisha dini ya Kikristo, ili watoto wa Waislamu nao waingie. Wamisionari walinung'unika. Kwa Sheria ya Elimu ya 1969, shule nyingi za misioni nazo zikawa za umma. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 19, yalinda uhuru wa kuabudu, nayo yaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Basi tusidai msalaba utundikwe katika darasa la watoto wa dini zote. Tukitumie vema kipindi cha dini: serikali yatoa nafasi, mwalimu hutoka kwetu. Na mzazi asiposali na mwanawe nyumbani, ni ukuta gani utakaomfundisha?