Karo ya mwaka mmoja isikupumbaze

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari Kimilili. Nimepata nafasi mbili za uzamili: Chuo Kikuu cha Kibabii, nikijilipia, na chuo kimoja Nairobi kilichoahidi kunilipia karo ya mwaka wa kwanza. Nichague kipi?

Jibu: Mwalimu, mwaka wa kwanza ndio rahisi. Gharama huja mwaka wa pili, unapokusanya data, kuchapa tasnifu na kulipia mtihani wake. Nairobi kuna kodi ya nyumba pia. Kibabii kiko njia ya Chwele kwenda Bungoma, utalala kwako. Kilipata hati yake ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2015, kwa hiyo usikidharau. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, nayo hukopesha wanafunzi wa uzamili, lakini mkopo ni deni.

Linalonihangaisha zaidi ni msimamizi wa tasnifu. Kabla ya kusaini popote, tafuta wanafunzi wa mwaka wa pili wa idara utakayosomea, uwaulize: rasimu ya sura ya kwanza ilikaa kwake muda gani? Ilirudi na maoni au na alama ya vema tu? Akiikalia muhula mzima, muhula huo unaulipa wewe. Nimeona watu wazima, wenye watoto, wakisubiri mlangoni kwa mhadhiri tangu asubuhi bila hata kujibiwa salamu. Hakuna ufadhili unaofidia hilo.

Iombe Nairobi iandike barua: mwaka wa pili nani analipa? Wasipoandika, nenda Kibabii, lakini iwapo tu wanafunzi wake wanamsifu msimamizi utakayepewa.