Mlango wa Gari Usiofunga Sawasawa
Gari litokalo Kagarama kuelekea mpaka wa Nemba hubeba maisha ya watu. Mlango usiofunga sawasawa waweza kufunguka kwenye kona na kumtupa abiria nje. Kuubamiza au kuufunga kwa kamba si dawa, tutafute chanzo.

Kwanza, tuufungue mlango na kuunyanyua kwa mkono. Ukichezacheza, bawaba zimelegea au kulika. Fundi azikaze au azibadilishe. Pili, tutazame kitasa. Ulimi wake ukiwa umejifunga ilhali mlango u wazi, tuvute kishikio cha nje ili uachie, kisha tusafishe vumbi na kutia mafuta. Tatu, tukague mpira wa ukingoni, usiwe umechomoka au kujikunja. Mwisho, chuma kinachopokea kitasa kwenye nguzo ya gari: tukiwekee alama, tukilegeze, tukisogeze milimita moja au mbili, tukikaze, kisha tujaribu polepole.

Ikishindikana, gari lisipakie abiria hadi litengenezwe. Ajali ikitokea nchini Rwanda, tupigieni simu namba 113. Tunawaasa: usalama wa msafiri huanzia mlangoni.