Mlonge na moshi wa jiko la mkaa

SWALI: Dokta, mimi ni mama lishe, nina miaka 46, na huu ni mwaka wa kumi na tano napikia mkaa. Asubuhi nakohoa mpaka wateja wanageuka. Kuna kijana anapita na unga wa mlonge na vidonge vya manjano, anasema vinasafisha mapafu, dozi ya mwezi mmoja. Ninunue? – Mama Lishe, Temeke.

JIBU: Mama, kabla ya mlonge, hebu tuanze na jiko lako. Kila nikipita penye mabanda ya chakula alfajiri nakuta picha ile ile: mkaa umejazwa hadi juu, chini umesukumiwa mfuko wa nailoni uwashe haraka, mpikaji ameinama anapepea kwa kipande cha boksi, na moshi wote unamwishia usoni. Hapo mkaa haujashika, na ndipo unapotoa chembe nyingi zaidi, achilia mbali sumu za ile nailoni. Ukishakuwa mwekundu moshi hauonekani, ila kaboni monoksaidi inaendelea kutoka, nayo haina rangi wala harufu.

Chembe zinazonitia wasiwasi hazifiki upana wa maikromita 2.5, wakati unywele mmoja una kama 70. Pua haizizuii. Zinateremka hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho wa mapafu, seli za ulinzi zinahangaika kuzimeza, mirija inavimba, makohozi yanaongezeka. Huenda kikohozi chako kinatoka hapo. Nasema huenda, na nitaeleza kwa nini.

Kijana wako hajasema uongo mtupu. Mwili una vimeng'enya vinavyokamata sumu na kuzitoa kwa mkojo, na mimea mingine huviamsha. Jaribio ninalolipenda lilifanyika Qidong, China, eneo lenye hewa chafu, na matokeo yake yakatoka mwaka 2014. Watu 291 waligawanywa: wengine walikunywa kila siku kwa wiki 12 juisi ya nanasi na ndimu iliyotiwa unga wa machipukizi ya brokoli, wengine juisi tupu. Waliokunywa brokoli walitoa sumu iitwayo benzini kwa mkojo asilimia 61 zaidi, na akrolini asilimia 23 zaidi. Akrolini unaijua hata kama hujawahi kulisikia jina lake: ndiyo ule ukali unaotoa machozi mafuta ya chipsi yakipata moto kupita kiasi.

Mlonge una undugu wa mbali na brokoli na kabichi, na majani yake yana kemikali za jamii hiyo hiyo. Ndiyo maana sicheki mtu akiniambia anakula mlonge.

Lakini kule Qidong walipima mkojo, hawakupima mapafu. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walitoa taarifa ya wagonjwa 89 wenye mapafu yaliyokwisha kuharibika, waliopewa kiini cha brokoli, salforafani, kwa wiki nne. Vimeng'enya vile havikuamka. Manjano nayo huwakinga vizuri panya wa maabara, ila kwa binadamu kiini chake hufyonzwa kidogo mno, kingi kinaishia chooni. Wauzaji wanalijua hilo, wanachanganya na pilipili manga ili kifyonzwe zaidi. Tatizo, pilipili manga hiyo hupandisha pia dawa nyingine kwenye damu, zikiwemo baadhi za kifafa. Kwa hiyo kama una dawa unayotumia kila siku, vidonge hivyo usiviguse kabla ya kumuuliza mfamasia.

Na kuna hadithi ya Finland ambayo kila muuza vidonge angefaa kuisikia. Wavutaji sigara 29,133, wote wanaume, waliingizwa kwenye utafiti wa kuona kama vidonge vya beta-karotini, rangi ile ya karoti, vingewakinga na saratani ya mapafu. Mwaka 1994 majibu yakatoka: waliomeza beta-karotini walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Karoti haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuchukua kitu kimoja peke yake na kukimeza kwa wingi kila siku kwa miaka.

Kwa hiyo hela ya vidonge usitoe. Mlonge mbichi pika kama mboga. Sukuma wiki na kabichi kata nyembamba, acha kwanza zikae kidogo ndipo ubandike, maana kisu ndicho kinachokichokoza kile kiini cha jamii ya salforafani kitoke, na kuchemsha sana hukizuia. Kachumbari ya kabichi ni bora zaidi. Jiko liwashie nje ya banda, bila nailoni, nawe usimame upande upepo unakotoka. Liingize likiwa jekundu, na upepo upite bandani. Ukipata uwezo wa gesi, hata kwa chai na maandazi ya asubuhi tu, nenda gesi. Kujifukiza kwa majani hakuondoi chembe zilizokwisha kuzama, na maji yale yameunguza wengi.

Sasa ile huenda yangu. Kikohozi kikipita wiki mbili, tunapima kifua kikuu kwanza, tena kwenye vituo vya serikali ni bure. Nenda wiki hii. Ukifika, mwambie anayekupokea kwamba unapikia mkaa, na ni kwa miaka mingapi. Usisubiri uulizwe, maana wengi wetu huuliza sigara tu, na mama akisema havuti tunaandika kwamba mapafu yake hayajawahi kuona moshi.