Kutoka Picha za Kuagizwa hadi Turubai Yako

Mchoraji wa vitabu na matangazo anayetaka kugeukia sanaa yake mwenyewe asianze kwa kuwaaga wateja. Edward Hopper wa Marekani aliuza picha yake ya kwanza ya rangi za mafuta mwaka 1913, kwa dola 250. Akakaa miaka kumi bila kuuza nyingine, akijikimu kwa kuchorea majarida, kazi asiyoipenda. Mwaka 1923 Brooklyn Museum ikanunua picha yake ya rangi za maji kwa dola 100. Mwaka uliofuata alifanya maonyesho New York, picha zote zikanunuliwa, ndipo akaachana na kazi za kuagizwa.

Nawe ukitaka kuvuka, fuata hatua hizi.

1. Tenga siku ya turubai. Iwe siku nzima yenye mwanga, si masaa ya usiku ukiwa hoi.

2. Chagua jambo moja. Zamani mteja alikuletea hadithi. Sasa itafute mwenyewe. Hopper alivutwa na jua linavyoangukia ukuta wa nyumba, akalirudia hilo hadi uzeeni. Rudia lako mpaka likufunulie jipya.

3. Punguza maelezo. Picha ya kitabu husaidiana na maandishi, hivyo lazima ieleweke upesi. Turubai husimama peke yake na hutazamwa kwa muda mrefu. Ukichora mama anayesubiri daladala, usirundike kibao cha kituo, saa na foleni ya magari. Shingo iliyogeukia barabarani inatosha.

4. Zijue rangi zako. Kwenye kompyuta unafuta ukikosea. Turubai haikupi urahisi huo. Ipake kwanza rangi ya msingi. Rangi ya mafuta hushika juu ya akriliki iliyokauka, lakini akriliki ikipakwa juu ya mafuta hubanduka. Kila tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini yake, la sivyo picha inaweza kupasuka.

5. Onyesha mfululizo. Picha nane zinazozungumzia jambo moja humwonyesha mwenye jumba la sanaa wewe ni nani. Kubalianeni kamisheni kwa maandishi, na kumbuka: kumuuzia mtu turubai si kumuuzia haki ya kuichapisha.

Fedha ya wateja ikilipa kodi ya nyumba, picha zako hazitalazimika kumfurahisha mnunuzi kabla hazijakomaa. Waage wateja siku picha zenyewe zitakapoweza kulipa kodi hiyo, si kabla.