Dondoo muhimu: Chagua chungu cha Kikisi kwa sikio na kiganja

Vyungu vya Wakisi hufinyangwa na akina mama wa Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, kisha huvushwa kwa mitumbwi hadi Matema. Ukienda huko kununua, zingatia haya:

• Gonga, usikilize. Kiweke juu ya kata, ukigonge ubavuni kwa kifundo cha kidole. Kikilia kwa sauti kali inayodumu, udongo umeiva. Sauti butu au ya kukwaruza ni dalili ya ufa au moto hafifu.

• Pitisha kiganja. Nje kuwe laini, maana mfinyanzi husugua kwa kokoto kabla ya kuchoma. Unga mwekundu ukibaki mkononi, kirudishe.

• Chungulia ndani ukikielekeza juani. Nuru ikipenya, hata kwa tundu la sindano, kiache.

• Usikatae doa jeusi. Vyungu huchomwa mahali pa wazi, na ndimi za moto huacha alama. Doa si ufa.

• Kifungashe vizuri. Kizungushie majani makavu ya mgomba, na usikirundikie mzigo juu.

• Kizoeshe moto. Kiloweke usiku kucha, kisha chemsha humo uji mwepesi wa mchele kwa moto mdogo, kwani wanga huziba vitundu vidogo. Usimimine maji baridi kwenye chungu cha moto; kitapasuka.

Chungu kizuri ni kazi ya mikono ya mama. Lipa bei inayomstahili.