Somo la Meno: Mtu Mzima Anayeogopa Koleo

Mtoto akilia mbele ya munganga wa meno, hakuna anayeshangaa. Lakini wako baba na mama wa nyumba, walimu, hata wazee wa kanisa, wanaotetemeka wakisikia habari ya koleo la meno, nao wanaona haya kusema. Mtu wa namna hii hatasema, "Ninaogopa." Atasema, "Nina kazi shambani," ao, "Jino limenyamaza sasa." Somo hili ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya watu wa nyumba yake.

Hofu yake si upumbavu. Wengi walishikwa mikono na miguu walipokuwa watoto, jino likang'olewa pasipo sindano, ao kabla dawa ya sindano haijafanya kazi. Mwili hausahau jambo kama lile. Basi msimcheke. Ukimcheka, umemrudisha nyumbani pamoja na jino lake bovu.

Kwanza, habari ya jino lililonyamaza. Jino bovu lililouma sana, kisha likaacha kuuma pasipo kutunzwa, mara nyingi limekufa ndani. Ugonjwa haukuondoka, unaendelea kushuka mzizini. Kitabu cha Mezali (25:19) kikitaka mfano wa mtu asiyeaminika siku ya taabu, kinataja jino bovu. Kila aliyeamshwa usiku na jino lililonyamaza anaufahamu mfano huo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hofu inapomdanganya mtu. Dawa ya ganzi inayotumika sana inaitwa lidokaini. Nils Löfgren aliitengeneza huko Uswidi mwaka 1943, na ilianza kuuzwa mwaka 1948. Inauzuia mshipa wa fahamu usipeleke habari ya maumivu kwenye ubongo. Lakini pahali penye usaha, nyama huwa na uchachu, na dawa haiingii vema katika mshipa. Basi mtu anaogopa maumivu, anakawia. Akikawia, usaha unakusanyika. Usaha ukikusanyika, sindano inapungua nguvu. Mwisho anakuja akiwa amevimba shavu, anaumia kweli, kisha anarudi kijijini na kuwaambia wengine, "Mimi nilijua!" Hakusema uongo. Lakini maumivu yale aliyaongeza mwenyewe katika miezi ya kungoja. Hata hivyo aliyekawia asikate tamaa: munganga anaweza kuchoma sindano mbali na uvimbe, pale mshipa unapopita, ao kutoa usaha kwanza. Naye anayekuja mapema sana pengine hatang'olewa kabisa. Pahali penye vyombo, tundu dogo huzibwa.

Kuna jambo baya kuliko maumivu. Usaha wa jino la chini unaweza kuenea chini ya ulimi na shingoni. Mtu mwenye homa, aliyevimba chini ya taya, asiyeweza kufungua kinywa, kumeza mate ao kupumua vema, asingoje asubuhi. Njia ya hewa inaweza kuzibwa, naye akafa. Apelekwe usiku ule ule, kwa pikipiki ao kwa tipoyi.

Wengine wanasema, "Ukitoa jino la juu utapofuka." Sivyo. Mshipa wa kuonea na mshipa wa meno ni mishipa miwili mbalimbali.

Siku ya kuja, kula chakula kwanza. Usinywe pombe ili kupata ushujaa. Mwambie munganga waziwazi, "Mimi ni mwoga," maana akijua atakwenda polepole. Mwambie pia kama una mimba, ugonjwa wa moyo, ao damu yako haikauki upesi, na dawa unazomeza. Patana naye: ukiinua mkono, atasimama. Mtu anayejua kwamba anaweza kusimamisha kazi huogopa kidogo tu.

Usitazame sindano, pumua polepole. Pengine moyo utapiga mbio dakika chache kwa sababu ya dawa nyingine iliyochanganywa ndani, hiyo inapita. Kwa jino la chini, ganzi inaweza kukawia dakika kumi. Usikubali haraka, wala munganga asikubali. Mdomo utakuwa mzito, kama mdomo wa mtu mwingine. Kisha utasikia kusukumwa, pengine na mlio wa kuvunjika. Kusukumwa si kuumia. Ukisikia uchungu mkali, inua mkono, uongezewe dawa. Ukisikia kizunguzungu, sema, ulazwe na miguu iinuliwe.

Kuomba kabla ya kuketi ni vema. Lakini kubaki nyumbani ukiomba jino linyamaze, hali miguu inakataa kuja hospitali, ni hofu iliyovaa nguo za Siku ya Bwana.

Jino likiisha kutoka, uma kitambaa safi kwa nusu saa. Usisukutue siku ile, wala usivute tumbako. Kesho yake anza kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Usimeze aspirini, maana inazidisha kutoka damu. Wala usiiweke juu ya ufizi, itauunguza.

MAULIZO
1. Kwa nini sindano inapungua nguvu pahali penye usaha?
2. Ni dalili gani zinazomlazimu mtu kupelekwa usiku ule ule?
3. Ni nani nyumbani mwako anayesema jino lake limenyamaza? Utakwenda pamoja naye siku gani?